Siku Tulipomhukumu Yohana Asiye na Ardhi

Ninyi mnaoingia darasani sasa na simu mfukoni, mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofundisha historia Kilibula wakati wa vita. Nimekubali, kwa sababu tangu nistaafu mke wangu amechoka kuniona nimekaa uani nikisahihisha mazungumzo ya majirani. Habari za vyeo sitaandika: cheo changu hakikupanda, nami sikukisukuma. Habari za mshahara ni fupi mno, hazijazi hata mstari. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya mfalme mmoja wa Waingereza ambaye hakuwahi kusikia jina la mji wetu wa Uvira, lakini alituokolea shule.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilizaliwa Kilibula, nikasoma Kilibula, nikapata diplome yangu ya sekondari, kisha nikatafuta kazi ambayo ningeweza kuiendea kwa miguu na kurudi kula mchana. Wenzangu walikwenda Bukavu, wengine Lubumbashi, wakarudi na koti na Kifaransa cha puani. Mimi niliwahi kuitwa kufundisha Luvungi, ambako si mbali hata kidogo, nikaugua mgongo ghafla. Vita vilipokuja, watu walivuka kwenda Burundi, wengine wakapanda milimani. Mimi nilikimbia mpaka Kavimvira, nikauona mpaka kwa macho yangu, nikafikiria kulala kwenye kitanda nisichokijua, nikarudi. Mama Furaha, mke wangu, husema risasi zilinikosa kwa sababu hazikutegemea kumkuta mtu nyumbani.

Siku yangu ya kwanza kazini, prefe, yaani mkuu wa shule, alinipa vipande viwili vya chaki na kitabu kimoja. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, habari za wafalme wa Ulaya, kimeachwa na mapadre. Robo yake ya mwisho haikuwepo, kwa maana mwalimu aliyenitangulia alikuwa na mke muuza karanga, na karatasi ya kufungia ilikuwa adimu. Wafalme wengi wa kitabu kile walitawala vizuri sana, kisha wakaishia sokoni. Nilivaa tai, nikaandika majina yao kwenye tablo kwa mwandiko wangu bora, nikazungumza Kifaransa saa nzima bila kuvuta pumzi. Wanafunzi walilala macho wazi. Nilitoka nikidhani nimewashangaza.

Katika chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, alikuwa akifundisha Mwalimu Ramazani, mwalimu wa jiografia. Alikuwa mzaliwa wa ukoo wa Waislamu wale waliofika Uvira zamani na biashara ya ziwani. Mtu mfupi, mbishi, mwenye kofia nyeupe na ugoro ambao alikuwa akiuvuta katikati ya sentensi ili usipate nafasi ya kumjibu. Ukuta ule ulimsikizisha kila neno langu.

"Kijana," akaniambia, "hao wafalme wako walikwisha kufa. Kwa nini unawaua tena?"

"Ninafuata kitabu, Mwalimu."

"Kitabu kikufuate wewe. Mtoto wa hapa hajui mfalme, lakini anajua kesi. Nionyeshe nyumba moja Uvira isiyo na kesi. Basi, wape kesi."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Kila Jumamosi mchana, ambayo sisi huiita siku ya posho, tulimshtaki mfalme mmoja. Tuliweka viti viwili mbele: cha wakili wa mfalme karibu na dirisha, cha wakili wa adui yake karibu na mlango. Kila mmoja alisema aliyokuwa nayo. Kisha Mwalimu Ramazani alipiga janti ya lori, yaani chuma cha gurudumu, iliyoning'inia kwenye dari kwa waya, na hapo mawakili walilazimika kuhama viti. Aliyekuwa akimchuna mfalme ngozi sasa alimtetea, na aliyemtetea alimchuna. Kura ilihesabu sehemu ya pili peke yake. "Kusema unachokiamini," alisema Mwalimu, "hata mlevi anaweza."

Waamuzi hawakuwa walimu. Walikuwa mama watano wauza ndagala, dagaa wa ziwani, na msemaji wao alikuwa Mama Nabintu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mitumbwi. Nilipouliza kwa nini wao, Mwalimu alinijibu kwamba hao husikiliza waongo tangu alfajiri, kila siku, na bado wanarudi na faida.

Ninyi mtakaojaribu, shikeni haya. Janti ipigwe mtu akiwa katikati ya maneno. Ukingoja amalize, atamaliza kweli, na hatahama moyoni. Mwili lazima uhame. Anayebaki kwenye kiti kilekile atabaki na mawazo yaleyale. Dakika za kwanza baada ya kuhama kila mtu huongea kama mgonjwa. Msiwaruhusu wenzake wamcheke sana, ingawa kidogo inasaidia. Na anayelia apewe maji, si alama.

Kati ya wafalme wote tuliowashtaki, mmoja alirudi kila mwaka. Wafaransa wanamwita Jean sans Terre. Mwalimu Ramazani alimwita Yohana Asiye na Ardhi, kwa kuwa baba yake aliwagawia wakubwa zake nchi, naye kitinda mimba akabaki mikono mitupu. Bahati nzuri alikuwa katikati ya kitabu, karanga hazikumfikia. Kaka yake Richard alitawala, akafa vitani bila mtoto wa kumrithi. Kaka mwingine, aliyemfuata Richard, alikuwa amekwisha kufa, lakini aliacha mtoto wa kiume, Arthur, mwenye miaka kumi na miwili. Sasa nani akalie kiti: baba mdogo aliye hai, au mtoto wa marehemu? Katika nchi zile walizozitawala, desturi ya huku ilimpa baba mdogo, desturi ya kule ilimpa mtoto. Yohana akawahi hazina, akavaa taji. Miaka michache baadaye Arthur alikamatwa vitani, akafungwa katika ngome ya baba yake mdogo, na hakuonekana tena.

Mnaona? Hakuna boma katika bonde la Ruzizi lisilomjua Yohana. Baba anakufa, baba mdogo anashika shamba "kwa kulinda tu", mtoto anaota ndevu, na ulinzi hauishi.

Ndiyo maana kesi hii ilinipa shida kuliko zote. Mwaka mmoja baba wa mwanafunzi wetu alikuja kutoka Luvungi kwa pikipiki, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Prof, weye unafundisha nini hapa?"

"Historia, Papa."

"Historia gani? Binti yangu amekuja kupumzika ku nyumba, anasema mbele ya baba yangu mudogo kwamba mutoto wa marehemu hana haki! Mbele yake! Minye njo huyo mutoto wa marehemu!"

"Papa, siku ile alikuwa wakili wa Yohana. Ni baada ya janti."

"Yohana wa wapi?"

"Wa Uingereza."

"Na shamba yangu iko Luvungi!"

Nilimpa kiti na maji, nikamwomba arudi siku ya posho awe shahidi wa Arthur. Alirudi, akatoa ushahidi mpaka shati likalowa. Wiki iliyofuata akaja baba yake mdogo kwa pikipiki ileile, akataka kumtetea Yohana. Baadaye nilisikia wamegawana shamba. Sidai kwamba ni kazi yangu; ila mtu akisema hivyo, simkatizi.

Kisha mji ukashikwa. Sitasema nani aliushika, kwa maana ulishikwa mara nyingi, na kila aliyeushika alituambia kwamba yeye ndiye mwenyewe. Prefe wetu alivuka kwenda Burundi kwa matibabu, akaniachia mimi funguo za shule. Hakunichagua kwa ujuzi. Alijua tu kwamba akirudi atanikuta. Shule nyingine ziliacha mijadala yote. Siku zile neno "kutawala" lilitosha kukupeleka kambini kueleza ulimaanisha nini. Mimi niliendelea na Yohana. Alikuwa mbali mno na amekufa mno, nikadhani hawezi kumletea mtu matatizo.

Siku ya Alhamisi moja akaja Komanda Faustin. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa askari katika mtaa wetu: mrefu, bado kijana, mwenye viatu vinavyong'aa hata katikati ya vumbi. Watu walimwogopa, lakini walisema pia kwamba anapenda kuongea, na anayependa kuongea angalau huchelewa kupiga. Alizunguka jengo letu refu, lile la madarasa matatu ya wanaomaliza, akagonga kuta kwa kidole kama anayenunua mtungi.

"Prof, siku ya kwanza basikari bangu bataingia humu. Iko simenti muzuri."

Siku ya kwanza kwetu ni Jumatatu. Nikajaribu: "Komanda, hapa wako wanaojiandaa kwa egzame ya Serikali. Wakikosa darasa, mwaka wao umekufa."

"Basome inje."

"Mvua inakuja, Komanda."

"Prof."

Alilitamka neno hilo kwa namna inayofunga mazungumzo. Nanyi mliokuwa watoto wakati ule mnajua shule iliyoingiwa na askari inavyokwisha. Madawati yanapika chakula, baada ya madawati milango, baada ya milango mbao za dari. Shule ya mtaa wa pili ilikwisha hivyo. Ilibaki ukuta wenye mbuzi. Jengo lile refu likienda, hatukuwa na kingine.

Akiwa anatoka, jicho lake likaanguka kwenye tablo. Nilikuwa nimekwisha kuandika kwa herufi kubwa kesi ya juma hilo: JE, YOHANA ALIKUWA NA HAKI YA KUTAWALA?

Akasoma polepole. Askari wake nao wakasoma, wale waliojua.

"Huyu Yohana ni nani?"

"Mfalme wa Waingereza, Komanda."

"Wa leo?"

"Wa zamani sana. Amekufa."

"Nani alimuua?"

"Kuhara, Komanda. Akiwa vitani."

"Hata mu kambi yetu iko," akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana kumhurumia mfalme. Halafu uso ukarudi kuwa wa kazi. "Sikia, Prof. Minye nilifika mwaka wa tano ku humanité, ku sekondari. Ninajua mutu akitaja mufalme wa mbali, anamuwaza wa karibu. Siku ya posho nitakuja kusikia mwenyewe. Nikisikia jina ingine, hata nusu ya jina, hii masomo nafunga siku ile ile. Na weye nakufunga pamoja nayo."

Nilipofika nyumbani Mama Furaha alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua sombe, majani yetu ya muhogo. "Ulikataa kwenda Luvungi," akasema. "Sasa utapelekwa kambini, bure, na gari."

Nikaenda kwa Mwalimu Ramazani. Alikuwa amekwisha kustaafu, lakini kila siku ya posho bado alikuja kupiga janti yake. Nikamwambia tufute kesi, tusome kidogo mito na maziwa. Akavuta ugoro, akapiga chafya, akafuta macho.

"Anakuja kusikiliza?"

"Anakuja kutukamata."

"Hicho ni baadaye. Kwanza anakuja kusikiliza. Kesi haifutwi kwa sababu imepata watu."

Na watu tulipata. Siku ya posho nusu ya Kilibula ilikuwa darasani na madirishani, maana habari ilikuwa imezunguka kwamba Prof atakamatwa, na watu hawakutaka kuhadithiwa. Mama Nabintu na wenzake walikaa kwenye benchi lao, mabeseni chini ya miguu. Komanda Faustin alikaa mbele. Mlangoni alisimamisha mlinzi wake, mmoja wa wale askari watoto tuliowaita kadogo, bunduki karibu ilingane naye.

Wakili wa Yohana siku ile alipaswa kuwa Espérance, binti aliyeongoza darasa la sita. Alisimama, akamwona Komanda, sauti ikamwishia. Akaanza tena, ikaisha tena. Komanda akageuka huku na huku.

"Huyu mufalme hana mutu? Minye nitamutetea."

Akakaa kwenye kiti cha dirishani kabla ya yeyote kumwalika. Basi nani akae mlangoni, upande wa Arthur? Vijana watatu walinitazama. Sikuweza kumsimamisha mtoto wa mtu mbele ya yule bwana. Nikavuta kiti, nikakaa mimi.

Lazima niseme ukweli: alijua kuongea.

"Inchi haingoji mutoto akomae," alisema, akitembea. "Adui iko ku mupaka. Kaka amekufa. Mutoto ana miaka kumi na mbili, anacheza mupira. Nani atashika mukuki? Mwenye nguvu! Haki ni nini? Haki ni mutu anayeweza kulinda. Na nyumba ikikaa bila mwenye nguvu, mwenye nguvu anaingia. Haibi. Anaisaidia!"

Askari walioko dirishani wakapiga makofi. Sisi wengine tukatazama kuta za darasa, kila mtu akajua nyumba inayozungumzwa ni ipi. Nilijibu kama nilivyoweza: kwamba Arthur ni wa nyumba ya mkubwa, na nyumba ya mkubwa haitanguliwi na ya mdogo, kwamba Richard mwenyewe, alipokuwa mzima, aliwahi kumtaja mtoto huyu kuwa mrithi wake.

"Na alipokuwa anakufa?" Komanda akaruka. "Alimutaja nani?"

"Wanasema Yohana. Lakini waliosema hivyo walikuwa watu wa..."

"Banasema Yohana! Prof amekubali! Basi minye nasema hivi, mufalme ni yule ambaye..."

Janti ikalia.

Mlio ule ulitembea darasani kote, ukatoka nje, ukarudi. Komanda alisimama kidole kikiwa hewani.

"Sijamaliza."

"Umemaliza upande," akasema Mwalimu Ramazani, nyundo mkononi. "Hama."

"Nihame wapi?"

"Kwenye kiti cha Prof. Sasa wewe ni wakili wa mtoto."

Mlinzi mlangoni alibadilisha mkono wa bunduki. Nilimtazama Mwalimu wangu, nikaona kofia yake imenyooka kama siku zote, na nikawaza kwamba kama tunakufa, angalau tunakufa kwa utaratibu.

"Mzee, unajua minye ni nani?"

"Ninajua. Mpaka sasa wewe ni wakili aliyeogopa kuhama."

Komanda akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini viatu vile vikatembea, akaja akakaa kwenye kiti changu, nami nikaenda cha dirishani, bado cha moto.

Alianza vibaya, kama wote. "Huyu Arthur ni... ni mutoto. Mutoto ni muzuri." Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wawili. Shingo yake ikawa nyeusi kwa hasira. Nikapewa zamu.

Sasa, mimi ninampenda Yohana. Niliongea kama nimelipwa. Niliwaambia kwamba mfalme huyu alizunguka nchi yake akisikiliza kesi za watu wadogo, ambazo kaka yake, shujaa mnayeimbiwa, hakuwa na nafasi nazo kwa sababu alikuwa safarini daima. "Na walioandika kwamba Yohana ni mbaya ni nani? Ni watawa, na watawa hao alikuwa amewanyang'anya mali. Mama Nabintu, ungepewa kalamu uandike habari za mtu aliyechukua beseni lako, ungeandika nini?"

"Ningemuua ku mustari wa kwanza," akasema Mama Nabintu.

"Na huyo mtoto wenu mpole, alikamatwa akifanya nini? Alikuwa ameizingira ngome kwa jeshi. Ndani ya ngome kulikuwa na nani? Bibi yake! Mama wa baba yake, mwanamke mzee! Na aliyekimbia usiku na mchana kwenda kumwokoa ni nani? Ni Yohana, mwanawe!"

Benchi la mama likaguna kwa pamoja. "Bibi yake?" "Mama mumoja muzee?" "Ah, huyo mutoto haiko mutu!" Watu wakapiga meza. Nilisimama nimeinua mikono, jasho linanitiririka, nikijisikia mkubwa kuliko miaka yote. Nilikuwa ninashinda. Ndipo nikakumbuka ninashinda nini. Nilikuwa nimewathibitishia watu wote, mbele ya Komanda, kwamba mwenye nguvu aliyeingia nyumba ya mtoto alifanya vizuri. Mwalimu Ramazani alinitazama kwa jicho ambalo alikuwa akiliweka kwa wanaochelewa. Lakini kesi ni kesi. Hoja ikishatoka haimezwi. Nikakaa.

Komanda Faustin hakusimama mara moja. Alitazama mikono yake. Aliposimama, hakutembea tena.

"Hilo jeshi," akasema, "Arthur alilitoa wapi?"

Nikajibu, kwa kuwa kitabu kilisema hivyo: "Alipewa na mfalme wa Ufaransa."

"Mutu muzima?"

"Mtu mzima."

"Na Arthur alikuwa na miaka ngapi ile siku?"

"Kumi na mitano."

"Kumi na tano." Aligeuka akawaelekea mama. "Mama zangu, mutoto wa miaka kumi na tano anajua nini? Mutu mukubwa amekuja, amemuvalisha, amemupa silaha, amemwambia: kwenda, piga pale. Kama pale iko bibi yake, yeye atajuaje? Makosa ya mutoto mwenye silaha ni ya ule mukubwa aliyemupa." Hapo alisita. Macho yake yalikuwa yamefika mlangoni, kwa mlinzi wake, na yalikaa huko muda mrefu kuliko alivyokusudia. Aliporudi, sauti ilikuwa chini, nasi wote tukasogea. "Na baba mudogo, kazi yake ni nini? Baba mudogo ni baba. Analinda nyumba. Mutoto akikomaa, anamurudishia ufunguo. Kama anaingia yeye, analala ndani, anasema ni yangu kwa sababu minye niko na nguvu, huyo haiko mufalme. Ni mwizi mwenye taji."

Akakaa. Kisha darasa likalipuka. Espérance alikuwa akipiga makofi amesimama juu ya benchi, jambo ambalo kwa kawaida ningelikataza.

Mama watano waliinamisha vichwa pamoja, wakanong'ona, wakabishana, mmoja akachapwa bega. Mama Nabintu akainuka.

"Prof," akaniambia, "umetuonyesha Yohana alisingiziwa kidogo. Hiyo tumeisikia. Lakini hata tukimuosha na sabuni, nyumba ile ilikuwa ya mutoto. Komanda ameshinda. Sisi batano, sauti moja."

Komanda alinyanyuka, akapeana mkono na kila aliyekuwa karibu, meno yote nje. Mama Nabintu alingoja kelele zipungue.

"Sasa, Komanda, weye wakili wetu, tuko na swali moja tu. Hii nyumba tunayokaa ndani ni ya batoto. Siku ya kwanza, weye utalala wapi?"

Hakuna aliyecheka kwa sauti; tulicheka kwa mabega. Komanda alimgeukia. "Mama, hiyo ni kesi ingine."

"Ni ileile," akasema Mwalimu Ramazani, akining'iniza nyundo yake. "Na wakili ni yuleyule."

Komanda alivaa kofia, akatoka bila kuaga, mlinzi wake akimfuata nyuma.

Jumapili sikula. Mama Furaha alinifungia shati na sabuni kwenye mfuko, endapo nitachukuliwa, akaongeza mto wangu, maana anajua bila huo silali. Asubuhi ya Jumatatu nilikwenda shuleni mapema, nikakuta nilichokiogopa: askari uwanjani, na masanduku yao yamekwisha kupangwa kwenye baraza la jengo refu. Wanafunzi walikuwa wamesimama nje ya ukuta na madaftari yao. Komanda alikuwa katikati ya uwanja, mikono nyuma.

"Prof, kuya hapa."

Nikaenda, mfuko wangu wa mto kwapani.

"Jana nilipita ku soko. Bamama bote: Wakili wa batoto, karibu! Nikaenda Kavimvira ku mupaka, hata bale banaobadilisha feza: Wakili, habari ya Arthur? Askari bangu benyewe banasema mwizi mwenye taji, halafu banacheka." Akatema mate pembeni. "Niambie, nitaingia humu namna gani?"

Nikaona ni swali ambalo halihitaji kujibiwa na mtu mwenye busara. Aligeuka, akapiga kelele, na askari wakainama kwenye masanduku. Walikuwa hawayapangi. Walikuwa wanayabeba, mmoja mmoja, kwenda bohari tupu lililokuwa kando ya ziwa.

"Umenipiga, Prof," akasema.

"Nimekupiga wapi, Komanda? Umenishinda. Watu wote waliona."

Alinitazama kana kwamba anatafuta mahali pa kukasirikia, hakupaona, akaenda zake akifuata masanduku. Darasa la sita lilijiandaa kwa egzame yake katika jengo lile, na Espérance leo ni mwanasheria. Kila akija likizo ananikumbusha kwamba ningemwacha aongee, angemshinda yule bwana kwa dakika chache, nami ninamshukuru Mungu kwamba sauti ilimwishia.

Mimi bado ninashikilia kwamba Yohana alionewa na wale watawa. Lakini asubuhi ile sikuwa na nafasi ya kumtetea. Sanduku la mwisho lilipopita lango, wanafunzi waliingia uwanjani wakipiga mayowe, wakaninyanyua mabegani mimi niliyeshindwa, wakanizungusha jengo zima huku nimekumbatia mto wangu, majirani wakipiga vigelegele juu ya kuta. Mama Furaha alikuwa amesimama langoni, mikono kiunoni, machozi yakimtoka kwa kucheka.

"Mumushushe!" akapaza sauti. "Suruali imepasuka nyuma, na iko moja tu!"

Hawakunishusha. Walizunguka tena.